Moto wa Mama Vitumbua

Alizaliwa wapi, na alikuwa wa ukoo gani, sijui. Aliyemuuliza mambo ya aina hiyo alijibiwa kwamba yeye alizaliwa jikoni, na akishajibu hivyo alimgeuzia mgongo akaendelea kukoroga unga wake. Mtaa mzima wa Waislamu pale Kasongo ulimwita Mama Vitumbua, na mimi niliyekulia ng'ambo ya njia, mlango wetu ukitazamana na wake, sikuwa na jina lingine la kumwita. Nimeolewa Kabambare, nimezeekea Kabambare, nina wajukuu wanaonicheka nikisema kuhusu zamani. Lakini nikisikia mawese yakichemka kwenye kikaango, mpaka leo nageuka kumtafuta yule mama aliyenirudishia nyumba yetu.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mkono wa kushoto uliojaa alama za kuungua. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko yeye. Akicheka, mabega yalicheka kwanza, kisha tumbo, na mdomo ulikuja mwisho. Kuhusu umri wake alidanganya bila aibu: mwaka mmoja alisema yeye ni rika la mama yangu, mwaka uliofuata akajifanya mdogo wake.

Wakati ninaousimulia ni wakati wa vita vya Wazungu, vile vya pili. Kasongo hatukusikia mizinga. Vita tulivijua kwa vitu vilivyopotea madukani: chumvi nzuri, vitambaa, sabuni, na zaidi ya yote viberiti. Hata mwenye uwezo hakuvipata. Ndipo watu wakarudia desturi ya bibi zao ya kuombana moto. Kila asubuhi msichana wa kila nyumba alitoka na kigae cha chungu kilichovunjika, akaenda kwa jirani kuchukua makaa mekundu mawili matatu, akarudi nayo akiyapuliza njiani yasizimike.

Na jirani mwenye moto alikuwa Mama Vitumbua. Moto wake haukulala, kwa sababu alipika vitumbua vya mchele kabla watu hawajatoka msikitini alfajiri, na jioni alifunika makaa kwa majivu kama mtu anayemfunika mtoto. Mtaa wote ulipikia moto wake. Kumnyima mtu moto kwetu lilikuwa jambo lisilosikika. Watu waliogombana mpaka hawaamkiani, moto walipeana.

Lakini kwake hukuchukua moto ukaondoka. Kando ya jiko palikuwa na kigoda kifupi, cha watoto, kimeinama upande mmoja. Ulikaa pale, kigae magotini, ukaamkiana naye mpaka mwisho.

"Jambo, Mama."

"Jambo yako. Mumelala?"

"Tumelala, Mama."

"Baba yako?"

"Iko muzima."

"Mama yako?"

"Iko muzima."

"Mbuzi yenu?"

Ukicheka, alikuzomea. Mbuzi naye ana salamu zake, alisema. Ukitaka kusimama kabla hajamaliza, upawa wake ulikuonyesha kigoda: "Kaa kwanza. Salamu kwanza. Moto iko, haiendi popote." Sisi wasichana tulilalamika sana juu ya jambo hilo. Nyumbani tulisubiriwa, na yeye anatuuliza habari za mbuzi.

Alikuwa mmbea, sitamfichia. Nani ameonekana na nani nyuma ya soko la mchele, nani amenunua kitambaa na mumewe hajui, yote aliyajua na yote aliyagawa pamoja na vitumbua. Watu walimwogopa kwa hilo, nami nadhani walikuwa na haki. Ila kulikuwa na kitu ambacho nilichelewa kukiona: habari zilizosemwa na mtoto juu ya kile kigoda hazikutoka jikoni kwake. Umbea wake ulikuwa wa watu wazima tu.

Alikuwa pia mtu wa dini, tena wa kujionyesha. Alisali kwa wakati, alifunga na sunna, na aliwasema wanawake wasiofunika vichwa. Na unga wa vitumbua vyake aliuumusha kwa malofu, pombe ya mchikichi. Aliletewa kila siku na Mkristo mmoja wa kijiji cha jirani, mgemaji, ndani ya kibuyu kilichofunikwa majani. Ukiuliza kilichomo, aliitika bila kupepesa macho: "Maji ya dawa." Mwalimu wa msikiti alinunua vitumbua vyake kila asubuhi, akala, akasifu jinsi vilivyoumuka, akamwombea dua. Mama Vitumbua alipokea dua ile kwa mikono miwili. Tuliokuwa tumekaa kwenye kigoda tulitazama chini ili tusipasuke kwa kicheko.

Tena alijivuna kwamba yeye ni mwungwana wa mji, na watu wa vijijini aliwaita majina ambayo sitayaandika. Lakini mke wa yule mgemaji, mwanamke wa shamba aliyesema Kizimba, lugha ya kwao, kuliko Kiswahili, ndiye peke yake aliyeruhusiwa kushika kikaango chake. Walikaa pamoja saa nzima bila kusema, wakipepeta mchele. Siku moja nikamuuliza kwa nini anawasema watu wa vijijini na rafiki yake ni mtu wa kijiji. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana miguu miwili. "Yule si mutu ya kijiji," akasema. "Yule ni rafiki yangu."

Radi ilimtia hofu isiyo ya kawaida. Huyu aliyemfokea karani wa serikali mbele za watu, mawingu yakiunguruma tu alijifunika mkeka kichwani, akatuagiza tumwimbie kwa sauti asisikie. Tuliimba, naye chini ya mkeka akatukosoa tulipokosea.

Kuhusu wanaume alikuwa na mengi ya kusema. Aliolewa zaidi ya mara moja, na kila mume alibaki katika hadithi zake kwa kasoro moja: huyu alikoroma, yule alikula akisimama, mwingine alimwogopa mama yake. Tulicheka mpaka machozi. Sikujua bado kwamba kulikuwa na hadithi moja ambayo hakuwahi kuitoa.

Sasa nifike kwetu.

Baba yangu alikuwa kapita wa pamba. Zama zile kila mwanamume alilazimishwa kulima shamba la pamba, na kapita ndiye aliyepita kuangalia nani amepalilia na nani hajapalilia. Wakati wa vita Leta, yaani serikali, ilitaka pamba zaidi, na Mzungu wa pamba alimfokea Baba mbele ya wakulima wale wale aliowasimamia. Alikuwa na baiskeli, kofia, na kaptula iliyopigwa pasi, na wasichana wenzangu waliniambia nina bahati. Hawakuona alivyorudi nyumbani. Mchana kutwa aliinama, na jioni alitaka sisi tuiname. Sauti yake ilianza kwenye chakula, ikahamia kwenye nguo, ikaishia kwa Mama, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Nilikuwa na miaka kumi na minne hivi. Nilijifunza kusikiliza jinsi anavyoegemeza baiskeli ukutani. Akiiegemeza polepole, tulikula kwa amani. Akiibwaga, nilimchukua mdogo wangu nikatoka naye uani.

Nilimchukia Baba miaka ile, lazima niseme. Nilimpenda pia, maana alipokuwa na furaha alituimbia nyimbo za kupanda mpunga na kunipandisha kwenye kinga yake, ndivyo tulivyoita baiskeli. Sikujua niwaweke wapi hawa watu wawili ndani ya mtu mmoja.

Jioni moja Mama alichelewa kutoka shambani, akapika kwa haraka, wali ukaungua. Baba akapiga kelele, Mama, aliyenyamaza miaka yote, akamjibu. Alisema: "Ile Muzungu anakupiga kelele wewe, wewe unanipiga kelele miye. Miye nimupigie nani?" Baba akatoa talaka pale pale, moja, akiwa amesimama mlangoni. Asubuhi Mama alifunga nguo zake akaenda kwao, kijiji cha Wamaza, kwa miguu, na mjomba wake. Mdogo wangu alimkimbilia mpaka mwisho wa mtaa.

Talaka moja si mwisho. Kila mtu kwetu analijua hilo. Mpaka eda ya mwanamke iishe, mume anaweza kumrejea. Lakini kwetu mke harejewi kwa kusema tu. Mume humfuata mkewe kwao pamoja na mzee wake mmoja, akakaa chini mbele ya wakwe, akasema amekosa. Baba hakwenda. Alisema kapita hapigi magoti Wamaza. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, akaanza kusema eda ikimalizika ataoa mwingine, na sisi wawili atatupeleka kwa dada yake. Kila mwezi mwandamo ulipoonekana, watu walifurahi, mimi nilihesabu siku za eda zilizobaki.

Miezi ile yote nilikwenda kuomba moto kila asubuhi, maana nyumba isiyo na mama haikai na moto. Nilishinda kwenye pamba, nikirudi nakuta jivu. Na kila asubuhi kwenye kigoda niliulizwa yale yale.

"Mumelala?"

"Tumelala, Mama."

"Mama yako?"

"Iko muzima. Iko kwao, alienda kutembea."

Alijua, bila shaka. Mtaa mzima ulijua. Lakini aliniacha nijibu nilivyotaka, akanitilia makaa, wakati mwingine akaweka na kitumbua kimoja kando ya kigae, akijifanya kimeanguka.

Kisha siku moja, eda ikiwa imebakiza kidogo tu, aliniuliza "Mumelala?" na jibu halikutoka. Nilifungua mdomo, nikasema: "Hatulali, Mama. Mutoto analia. Na Mama yangu hatarudi." Nikalia pale, kigae kikaanguka kikavunjika. Hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hivyo. Alichukua kigae kingine, akanipa moto, akanifuta pua kwa pindo la nguo yake lililonuka mawese. "Nenda upike," akasema. Nikamwona nisivyowahi kumwona, mdomo umefungwa.

Kesho yake nilikwenda kama kawaida. Mawese yalikuwa yanachemka, moshi umejaa, vitumbua vinageuzwa. Nikakaa, nikaamkia.

"Leo hapana moto," akasema.

Nilidhani ananitania. "Mama, moto si ile?"

"Ile ni ya vitumbua. Kwenu hapana moto."

Niliondoka nikiwa siamini masikio yangu. Nikaenda nyumba ya pili. Mwenye nyumba alisimama mlangoni, moshi ukitoka juu ya paa lake, akaniambia bila kunitazama usoni: "Moto yetu imezima, mwanangu." Nyumba ya tatu nayo imezima. Nikazunguka mtaa mzima, kila paa linafuka moshi, kila mwanamke moto wake umezima. Sijawahi kuona uchungu kama ule. Nilifikiri tumetengwa, nilifikiri nimewakosea kwa kumtaja Mama yangu.

Siku hiyo tulikula ndizi mbivu na karanga. Baba alirudi, akaibwaga baiskeli, akauliza chakula. Nikamweleza. Alicheka kwa hasira akasema wanawake wamerukwa na akili, akala ndizi. Asubuhi tulipewa jibu lile lile, tukala ndizi tena. Kwa kapita, mtu anayekagua mashamba ya watu, kuchapa kazi bila kula kitu cha moto si jambo dogo, na habari ilishafika mpaka kwa wakulima. Wakamuuliza kwa upole, huku wakificha meno: "Kapita, kwenu mumekula?"

Asubuhi iliyofuata Baba alichukua kigae mwenyewe. Nilimfuata kwa nyuma, nikiogopa atampiga yule mama. Ilikuwa saa ya watu kununua vitumbua, njia imejaa. Mwanamume mzima, kapita, na kofia kichwani, na kigae mkononi. Sijui kama kwetu jambo lile lilishawahi kuonekana.

"Mama Vitumbua," akasema kwa sauti ya kazini, "nipe moto."

Hakuinua uso. "Jambo, Kapita. Kaa kwanza. Salamu kwanza."

Akamwonyesha kile kigoda. Baba akatazama watu, watu wakatazama vitumbua. Nilidhani atatupa kigae chini aondoke. Sijui ni njaa, au ni kwamba hata yeye alikuwa amechoka na ule ukubwa wake. Akakaa. Magoti yalimfika kifuani.

"Mumelala?"

"Tumelala."

"Mutoto?"

Baba akageuza kigae mikononi. "Analia."

"Mama yao?"

Mafuta yalikuwa yanapiga kelele. Mama Vitumbua alitoa vitumbua vyote kwenye kikaango kwanza, kimoja kimoja, ndipo akaketi chini kabisa, chini kuliko Baba, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Mimi niliyesimama nyuma nilisikia.

"Kapita, miye niliachwa hivi hivi, talaka moja. Nikarudi kwetu, nikakaa kwenye mukeka ya mama yangu. Kila mutu akipita njiani, nainua kichwa. Nikasikia kinga, nasimama. Eda ikaisha. Hakuna mutu alikuya. Mupaka sasa nikisikia kinga usiku nafunua macho. Ile bibi yako iko pale Wamaza, anainua kichwa sasa hivi. Moto yako iko kule. Uende uilete."

Kisha akainuka, akajipangusa, akapiga kelele kwa wateja kwamba nani anafuata, kana kwamba hakusema kitu. Baba alikaa pale kwenye kigoda cha watoto muda mrefu. Alipoinuka, kigae kilikuwa kitupu. Alikwenda moja kwa moja kwa ami yake mzee, na jua lilipopanda walikuwa njiani, mzee juu ya baiskeli, Baba akiisukuma.

Alichosema mbele ya wakwe sikukijua, wala Baba na Mama hawakutuambia. Najua walivyorudi: mzee ameachwa apumzike Wamaza, baiskeli imebeba kapu la Mama, na Mama anatembea mbele, Baba nyuma. Mdogo wangu aliruka kama mbuzi. Mama hakuingia ndani kwanza. Alitafuta kigae, akavuka njia, akakaa kwenye kigoda. Walisalimiana mpaka kwenye mbuzi. Ndipo akapewa moto.

Sitasema Baba aligeuka malaika. Sauti ilipanda siku nyingine, na Mzungu wa pamba hakuacha kufoka. Lakini ikipanda tu, kutoka ng'ambo ya njia tulisikia upawa ukigongwa kwenye kikaango cha chuma: ko, ko, ko. Baba alinyamaza. Safari moja alinyamaza, kisha akacheka, Mama naye akacheka, nami nikaenda uani nikamshukuru Mungu peke yangu. Mkono wake haukuinuka tena juu ya Mama, nikiwapo mimi wala nisipokuwapo. Nilimuuliza Mama baadaye, akaniapia.

Nilipoolewa na kuhamia Kabambare, Mama Vitumbua alinifundisha kuumusha unga, akaniapisha nisiseme unaumushwa kwa kitu gani. Nimesema leo, anisamehe huko aliko. Njia ya Kabambare ni ndefu na mbaya, na watoto walifuatana, kwa hiyo nilipitisha miaka bila kurudi. Nilirudi siku za mwisho za Wabelgiji waliotutawala, watu wakianza kusema kwa sauti mambo waliyoyanong'ona. Nilifika asubuhi. Duka la pembeni lilikuwa limepanga viberiti mpaka kwenye dari, bei rahisi, kila rangi.

Nikiwa bado barabarani niliona mzee mmoja akivuka njia polepole, ameinama, anapuliza kitu mikononi. Alikuwa Baba. Hakuwa na kofia tena. Mikononi alikuwa na kigae, na juu ya kigae makaa mekundu.

Nilimfuata bila kumwita. Mama Vitumbua alikuwa amekaa akiegemea ukuta, macho yamefunikwa na ukungu, miguu haimbebi. Kikaango kilining'inia, kimepata kutu. Baba alipiga magoti mbele ya mafiga, akapanga kuni, akaweka makaa, akapuliza mpaka moto ukashika.

Baadaye nilimuuliza kwa nini asimpelekee kibiriti. Alishangaa, kama mimi ndiye mgeni. "Iko nayo," akasema. "Nilimununulia miye. Hatujaifungua."

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile, moto uliposhika, Baba aliinuka apate kwenda zake. Yule mama ambaye hakuniona, na hakujua kwamba nimesimama mlangoni nalia, alinyoosha mkono akapapasa mpaka akakishika kile kigoda, akakivuta mbele.

"Unakimbia wapi, Kapita? Kaa kwanza," akasema. "Bibi yako amelala?"

"Amelala muzuri," akajibu Baba, akakaa.